Betri ya gari unalolivuta: namna ya kuifikisha Kigoma ikiwa na chaji

Wanaopita Tabora kwenda Kigoma na gari-nyumba, yaani basi dogo au lori lililotengenezwa ndani likawa na kitanda, jiko na tangi la maji, mara nyingi huvuta na gari dogo nyuma. Sababu inaeleweka. Gari-nyumba ukishaliegesha na kulisawazisha hutaki kulitoa tena mpaka siku ya kuondoka. Gari dogo ndilo litakalokupeleka Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone, au ukifika Kigoma likushushe soko la Mwanga, Ujiji, au Kibirizi kupanda boti ya Gombe.

Shida ni kwamba gari hilo likifunguliwa Kigoma baada ya kuvutwa kutwa nzima, mara nyingi haliwaki. Unazungusha ufunguo, unasikia tik-tik-tik chini ya boneti, taa za dashibodi zinafifia, basi. Mwenye gari anahukumu kwamba betri ni mbovu, ananunua mpya, na safari ya kurudi nayo inakufa vilevile. Betri haikuwa na kosa. Ilikuwa inaliwa njia nzima na hakuna kilichokuwa kinairudishia.

Nafanya kazi ya umeme wa magari hapa Tabora na jambo hili linanigusa, kwa sababu watu wanatumia hela nyingi kununua vitu wasivyovihitaji, na wale wanaohitaji waya wa kuchaji, ule unaotoka betri ya gari-nyumba kwenda betri ya gari dogo, wanafungiwa waya unaoweza kuwasha moto. Nitaeleza kazi kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Usiruke kipimo.

Kabla ya umeme: je, gari lako linavutika?

Hili nalipitia haraka, lakini ni la lazima. Gari la gia za otomatiki, kwa sehemu kubwa, halivutwi magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya mafuta ya gia haizunguki, gia zinajisaga zikiwa kavu, na kabla hujafika Urambo umeshaharibu giaboksi yenye thamani kuliko gari lenyewe. Magari mengi ya gia za mkono yanavumilia yakiwa frii, na baadhi ya magari ya magurudumu manne yana sehemu ya frii kwenye gia ndogo. Kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Kikisema usivute, lipandishe lote kwenye tela, ufunguo utoke, na sehemu kubwa ya shida ya betri itakuwa imeisha hapo hapo.

Umeme unakwenda wapi wakati injini imezimwa?

Ukitoa ufunguo, pini ya chuma inaingia kwenye mhimili wa usukani na kuufunga. Gari linalovutwa magurudumu yote manne yakiwa chini lazima matairi ya mbele yageuke yenyewe kufuata kona, kwa hiyo usukani hauwezi kubaki umefungwa. Ndiyo maana ufunguo unaachwa umezungushwa hatua ya kwanza, ile ya ACC. Hapo ndipo betri inapoanza kuliwa: redio imeamka, soketi ya sigara ina moto, kompyuta za gari hazilali. Magari mengine kitabu kinataka ufunguo ufike ON kabisa, na hapo ongeza taa zote za dashibodi na usukani wa umeme.

Halafu kuna taa za nyuma. Kama taa za gari dogo zinawashwa na betri yake yenyewe ili wanaokuja nyuma waone, huo ni mzigo mwingine. Na kama umefunga kile kifaa kinachobonyeza pedali ya breki ya gari dogo kila gari-nyumba linapofunga breki, nacho kina pampu yake ya upepo inayokula kwenye soketi ya sigara.

Hatua ya 1: Pima betri ikiwa imepumzika

Chukua multimita ya kawaida, ile inayouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Gari lisiwe limewashwa kwa saa kadhaa, asubuhi ndiyo nzuri zaidi. Weka kwenye volti za DC, nyaya mbili kwenye terminali mbili. Betri ya 12 iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki kama robo. Ikisoma 11.8, ihesabu kuwa tupu, hata kama honi inalia.

Pima pia wakati mtu anazungusha starta. Betri nzima haishuki chini ya volti 10 kirahisi kwenye joto letu. Ikishuka mpaka 8 au 9 huku ilisoma 12.6 ikiwa imepumzika, hiyo imechoka kweli, na hakuna waya wa kuchaji utakaoifufua. Badilisha kwanza.

Hatua ya 2: Pima kinachovuja, ufunguo ukiwa pale pale utakapokuwa njiani

Kipimo hiki wengi wanakiruka, na ndicho kinachoamua mengine yote.

Fungua waya wa hasi kwenye betri kwa spana ya 10. Hasi kwanza, siku zote, kwa sababu spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya italeta cheche inayoweza kuyeyusha chuma mkononi mwako. Hamisha waya mwekundu wa multimita uingie tundu la ampea 10, geuza swichi ya mita kwenye ampea za DC. Mwekundu ushike kichwa cha waya ulioufungua, mweusi uguse terminali ya hasi ya betri. Sasa umeme wote wa gari unapita ndani ya mita. Usizungushe starta wala kuwasha taa kubwa hapo, fyuzi ya mita itakatika.

Weka ufunguo kwenye hatua ya kuvutwa, funga milango, subiri. Namba itaanza juu kisha itashuka kadiri kompyuta moja moja inavyotulia. Magari mengine yanachukua nusu saa. Andika namba iliyotulia. Kisha washa kile kitakachokuwa kinawaka njiani, kimoja kimoja, uandike tena: taa ndogo za nyuma, kifaa cha breki. Ukiwa na klampu mita ni rahisi zaidi, unazungushia waya tu bila kufungua kitu, ila hakikisha ni ya DC. Nyingi za bei rahisi zinapima umeme wa nyumbani peke yake.

Gari likiwa limefungwa na ufunguo umetolewa, kuvuja kwa milliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Ufunguo ukiwa ACC mara nyingi nakuta kati ya ampea 1 na 4, inategemea gari.

Mzee mmoja alisimama kwangu akielekea Uvinza, akasema, "Fundi, nifungie waya wa kuchaji, betri hii inanisumbua tangu Singida." Nikamwambia, "Sawa mzee wangu, ila nipe muda nipime kwanza." Mita ikatulia kwenye ampea 5 na ushee, wakati redio imezimwa na taa hazijawashwa. Nikamwomba kijana wangu azunguke nyuma ya gari. Taa za breki zilikuwa zinawaka. Mguu wa kile kifaa cha breki ulikuwa umesukumwa mbele kidogo kuliko inavyotakiwa, unaegemea pedali bila kuibana kiasi cha kufunga breki, lakini swichi ya taa inaachia kwa mguso mdogo sana. Balbu mbili za wati 21 ni wati 42, gawanya kwa 12, hizo ni ampea tatu na nusu zinazoteketea njia nzima. Tuliurudisha mguu nyuma upana wa kidole, taa zikazima, mita ikashuka chini ya 2. Waya hakuuhitaji tena. Kwa hiyo ukifunga kifaa hicho, tazama taa za nyuma kwenye kivuli au jioni. Juani saa sita huwezi kuziona vizuri.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Zidisha ampea ulizopima kwa saa za safari. Tabora hadi Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza ni kama kilomita 400 hivi. Ukiwa unavuta, unakwenda taratibu na unapumzika, weka saa 9. Ampea 3 kwa saa 9 ni ampea-saa 27.

Sasa soma betri yako. NS40 ina ampea-saa 32 hadi 35, NS60 ina 45, N70 ina kati ya 65 na 70. Betri ya kuwashia gari isishushwe chini ya nusu, maana haikutengenezwa kuliwa polepole kwa muda mrefu. Sahani zake ni nyembamba, na kila ikilala tupu salfeti inaganda juu yake na uwezo unapungua moja kwa moja. Kwa NS60, nusu ni 22. Ampea-saa 27 imeshapita mpaka. Kwa N70 ungefika salama, ingawa si kwa siku mbili mfululizo bila kuirudishia.

Kama hesabu yako inaishia chini ya theluthi ya betri, huhitaji waya wala chaja. Nenda Hatua ya 4, kisha uwe unawasha gari dogo njiani.

Hatua ya 4: Punguza kabla ya kuongeza

Fungua kisanduku cha fyuzi, mita ikiwa bado imeunganishwa, chomoa fyuzi moja moja uangalie namba inashuka wapi. Mara nyingi fyuzi ya redio na ile ya soketi ndizo zinazobeba sehemu kubwa. Ukishaijua, itoe wakati wa kuvuta, au mwambie fundi aweke swichi ndogo kwenye mkondo huo mahali mkono wako unapofika. Usitoe fyuzi ya mfuko wa hewa wala ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukishika breki) kwa kubahatisha.

Kuna dawa kali zaidi: zungusha ufunguo mpaka usukani uachie, kisha fungua hasi ya betri, au weka swichi ya kukata betri pale kwenye hasi. Kwenye magari ya ufunguo wa chuma, pini ya usukani inaachia kwa ufunguo wenyewe, haihitaji umeme, kwa hiyo usukani unabaki huru na betri inapumzika kabisa. Gharama yake ni saa na redio kusahau mipangilio. Dawa hii haifai kwa gari la kuwasha kwa kitufe, wala gari ambalo kitabu kinataka usukani wa umeme uwe na moto linapovutwa, wala kama breki ya ziada au taa zinategemea betri hiyo. Na ufunguo usiguswe na mtu: mtoto akiuchomoa mkisimama kula Kaliua, mkiondoka usukani utakuwa umefunga, na kona ya kwanza itakula matairi ya mbele.

Kuhusu taa, ushauri wangu ni ubao wa taa unaofungwa nyuma ya gari dogo na kulishwa na gari-nyumba kwa plagi ya pini saba. Betri ya gari dogo haiguswi hata kidogo. Kama gari-nyumba ni la volti 24, balbu za ubao ziwe za 24 pia.

Hatua ya 5: Jua gari-nyumba lako ni la volti ngapi

Hapa naomba utulie usome kwa makini, maana kosa la hapa linaua kompyuta za gari dogo kwa sekunde moja.

Malori mengi ya Fuso na Scania, na Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani, ni volti 24. Gari dogo ni 12. Kuona betri mbili hakutoshi. Fuata nyaya kwa macho: kama waya mfupi unatoka chanya ya betri moja kwenda hasi ya nyingine, hiyo ni 24. Kama chanya imeungwa na chanya na hasi na hasi, hiyo bado ni 12, imeongezwa uwezo tu. Kisha thibitisha kwa mita injini ikiwa inaunguruma: 12 itasoma kama 14, na 24 itasoma karibu 28.

Kuna mtindo umeenea wa kuchukua 12 kutoka katikati ya betri mbili za lori, yaani kuunga waya kwenye betri moja tu. Inafanya kazi siku hiyo, na ndiyo maana inapendwa. Lakini alteneta, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini, inazichaji betri zote mbili kama kitu kimoja. Ile inayoibiwa inabaki na njaa, na mwenzake inapewa kupita kiasi mpaka inachemka na kukausha maji. Baada ya miezi michache unanunua mbili. Usikubali.

Kwa gari-nyumba la 24 unahitaji chaja inayopokea 24 na kutoa 12 kwa ajili ya kuchaji betri. Ampea 10 zinatosha kabisa. Ukikosa chaja ya namna hiyo, konveta ya 24 kwenda 12 inaweza kufaa, ila ipime kabla ya kulipa: inayotoa 13.8 itaitunza betri yako, inayotoa 12 kamili ni ya redio tu, haitachaji chochote.

Kwa gari-nyumba la 12 unaweza kutumia waya moja kwa moja kupitia rilei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, mradi alteneta inatoa 14 na kitu muda wote. Magari mapya yana alteneta zinazoongozwa na kompyuta, zikiona betri ya mbele imejaa zinashuka mpaka 12 na ushee ili kuokoa mafuta, na ya nyuma haipati kitu. Endesha kwa dakika 20 ukiwa na mita kwenye soketi. Namba ikishuka na kupanda bila mpangilio, nunua chaja ya 12 kwenda 12.

Hatua ya 6: Vuta waya

Waya ndio unaofanya kazi nzuri iharibike. Kutoka betri ya Coaster mpaka betri ya gari dogo nyuma, ukihesabu kona na ulegevu wa kugeukia, ni kama mita 12. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 24 za shaba. Ukitumia waya wa milimita za mraba 2.5, ampea 10 zinapoteza karibu volti 1.7 njiani. Alteneta imetoa 14.2, nyuma inafika 12.5. Hiyo haichaji betri, inaitazama tu. Ukitumia wa milimita za mraba 6, hasara inakuwa kama 0.7, nyuma inafika 13.5, na kadiri betri inavyojaa na kuvuta kidogo, hasara inapungua zaidi. Kwa hiyo 6 ndio nauita waya. Ukiwa na chaja, ifunge karibu na betri ya gari dogo, isikae karibu na alteneta, ili hasara ya njiani iwe upande wa kuingia na chaja yenyewe iisahihishe.

Dukani, kata ncha ya waya na ukwaruze uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapoteza umeme zaidi na inavunjika kwa mtikisiko. Usinunue pia waya wa kufunga nyumba wenye nyuzi chache nene. Gari linatikisika, unahitaji waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba.

Kisha:

- Vuta waya mbili, nyekundu na nyeusi, zenye unene sawa. Usitegemee chuma cha kuvutia kurudisha hasi. Kina rangi, kutu na grisi, na kinacheza.
- Weka fyuzi mbili kwenye waya mwekundu, moja karibu na betri ya mbele na moja karibu na betri ya nyuma, isizidi upana wa mkono kutoka terminali. Kwa chaja ya ampea 10, fyuzi ya 15 inafaa. Kama kijitabu cha chaja kinataja nyingine kwa upande wa kuingia, fuata hicho. Mafundi wengi wanaweka moja tu ya mbele. Lakini waya huu una betri kila upande. Ukichubuka katikati na kugusa bodi, ile isiyo na fyuzi itauchoma mpaka mwisho.
- Weka rilei inayounganisha waya pale injini ya gari-nyumba inapowaka na kuachia inapozimwa, la sivyo usiku betri moja itaimaliza nyingine. Chaja nyingi zina waya mwembamba wa kupeleka kwenye swichi ya ufunguo kwa kazi hiyo hiyo.
- Pitisha waya ndani ya bomba laini la plastiki, mbali na ekzosi, na uufunge kila baada ya sentimita 30. Barabara ya changarawe inarusha mawe chini ya gari, na sehemu inayoning'inia ndiyo inayoliwa.
- Plagi ya kati iwe na kifuniko na itazame chini. Vumbi jekundu likichanganyika na unyevu wa masika linatengeneza tope linalopitisha umeme na kula shaba. Paka grisi kidogo kwenye pini.
- Acha ulegevu wa kutosha kwa kona kali, lakini waya usiburuzike. Geuza gari kulia mpaka mwisho, kisha kushoto, mtu akiwa amechuchumaa pembeni anaangalia.

Unga upande wa betri mwisho kabisa, baada ya kila kitu kufungwa. Chanya kwanza, hasi baadaye.

Hatua ya 7: Jaribu ukiwa bado nyumbani

Washa gari-nyumba, panda mpaka mizunguko kama 1,500, pima kwenye terminali za betri ya gari dogo. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.4 na ufunguo ukiwa ACC, kazi imekubali. Ikisoma zaidi ya 14.8, zima, kuna kosa kwenye chaja au mpangilio wake. Shika waya na plagi baada ya dakika 10. Uvuguvugu si neno, lakini mahali panapokufanya uondoe mkono pana muunganiko mbovu.

Sola: lini inafaa

Naulizwa sana, maana jua la Tabora la mwezi wa tisa na wa kumi halina mpinzani. Paneli ya wati 50 iliyolazwa juu ya gari dogo inatoa ampea 2 na nusu hivi saa sita mchana, asubuhi na jioni ni kidogo sana, na ikishikwa na vumbi inapungua zaidi. Kwa gari linalovuja ampea 1 njiani inatosha. Kwa linalovuja 3 itachelewesha tu kifo cha betri. Ila gari likiwa limeegeshwa Kigoma wiki nzima wewe ukiwa hifadhi ya Mahale, hata paneli ya wati 20 yenye kontrola, kile kifaa kinachozuia betri isichajiwe kupita kiasi, itakufanya uikute betri imejaa. Kontrola si hiari. Na usiiweke nyuma ya kioo cha mbele ukategemea wati zilizoandikwa, kioo kinakula sehemu yake na joto la ndani sehemu nyingine.

Njiani

Nunua kivoltimita kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya sigara ya gari dogo. Mkisimama Urambo, Kaliua, na tena Uvinza, chungulia dirishani kabla hujazima gari-nyumba. Kama una waya, kisome 13 na kitu. Kama huna, kikishuka karibu na 12.2, washa injini ya gari dogo mkiwa mnakula, nusu saa hivi, mizunguko juu kidogo ya kawaida. Kwa magari mengine kuwasha kila baada ya masaa kadhaa ni sharti la kitabu kwa ajili ya giaboksi, kwa hiyo unatimiza mawili kwa mpigo. Usisubiri mpaka msitu wa kati ya Kaliua na Malagarasi. Vijiji vimeachana huko, na mbung'o hawatakuacha ufanye kazi boneti ikiwa wazi.

Mkifika, washa gari dogo kabla ya kufungua chuma cha kuvutia, wakati msaada bado uko karibu.

Ikitokea limekataa kuwaka

Usilishtue kwa betri za gari-nyumba la 24. Hata kwa kugusisha tu. Fungua kabisa betri moja kutoka kwenye jozi, iweke chini peke yake, na utumie hiyo, au omba gari lingine la 12. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, maana betri inayochajiwa inatoa gesi ya hidrojeni na cheche ya mwisho isitokee juu yake. Likiwaka, fungua kwa kinyume chake.

Usiende moja kwa moja Ujiji na kurudi ukadhani alteneta imeijaza. Betri iliyoshuka sana inataka saa nyingi. Ipeleke kwa wanaochaji betri, waiache usiku kucha kwa ampea 4 au 5, na kama ina vifuniko waangalie maji: yaongezwe maji ya betri yaliyosafishwa peke yake, si tindikali wala maji ya bomba. Iache ipumzike siku nzima bila kuunganishwa, kisha pima. Ikishika 12.6, irudishe kwenye gari. Ikirudi chini ya 12.4 bila kutumika, hapo ndipo utoe hela ya betri mpya.